Sahani ya Bi Shekha na Mji wa Ng'ambo Mbili

Tulimwacha Bi Shekha sebuleni kwake Kilifi, ramani ya serikali mkono wa kushoto, kibiriti mkono wa kulia. Wiki nzima wasomaji wamenisimamisha sokoni wakitaka kujua kama aliichoma. Mmoja amenifuata mpaka kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa. Nilimwambia anunue gazeti kama watu wengine.

Basi njiti ya kwanza ilizima. Upepo wa Kilifi hauna adabu, hata kwa mjane. Ya pili ilivunjika kichwa. Alipoitoa ya tatu, Ndirangu alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkeka.

"Mama, tafadhali," alisema. "Hiyo ramani ni ya serikali. Iko moja tu."

"Mimi si mamako. Ningekuwa mamako ungejua kubisha hodi."

Kwa aliyekuwa safarini wiki jana, huyu Ndirangu ni afisa wa mipango ya miji, kijana kutoka bara, na amepanga chumba ng'ambo ya pili, Mnarani, nyumbani kwa mamake Faki. Faki ni seremala kwenye daraja jipya. Yeye na wenzake ndio wanaopigilia mbao zinazomiminiwa zege. Anampenda Tumu, binti wa pekee wa Bi Shekha, na Tumu anampenda yeye kiasi cha kuunguza wali mara mbili kwa wiki.

Kikwazo ni kimoja. Bi Shekha aliweka nadhiri kwamba mwanawe hataolewa nje ya mji. Faki ni mtu wa Mnarani, na Mnarani ni kule, Kilifi ni huku, na katikati pana maji na feri.

Ndiyo maana Faki alimleta Ndirangu na ramani yake, athibitishe kwa karatasi kwamba pande zote mbili sasa ni mji mmoja. Wazo halikuwa baya. Kosa lilikuwa kumwachia Ndirangu azungumze.

Maana Ndirangu akianza habari za miji hashikiki. Alimwambia Bi Shekha kwamba daraja likiisha, Mnarani na Kilifi zitakuwa kitu kimoja. Hapo angenyamaza, leo tungekuwa tunakula pilau ya harusi. Lakini aliendelea. Takaungu nayo itaingia, alisema. Gede itaingia, Watamu itaingia, Malindi itashuka kusini na sisi tutapanda kaskazini mpaka tukutane, na Mambrui itavuka mto Sabaki kutufuata. Utakuwa mji mmoja mrefu tangu Mtwapa, nyumba zimegusana, taa za barabarani zinawaka njia nzima. Kilifi hii ninamoandikia ina taa ya barabarani moja inayowaka, nayo iko mbele ya nyumba ya mtu nisiyetaka kumtaja. Bi Shekha alisikiliza mpaka Mambrui, kisha akainyakua ramani.

"Faki yuko wapi?" aliuliza sasa, njiti ya tatu kidoleni.

Faki alikuwa nyuma ya mlango, mahali wanaposimama mashujaa wote wanapomposa binti wa Bi Shekha.

"Nipo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo unionyeshe kwa mamako hapa karatasini."

Faki aliweka kidole. Alikuwa na gundi ya mbao kwenye kucha.

"Na kwangu?"

Akaweka kidole kingine.

"Na baina yake?"

Ndirangu aliona nafasi ya kuiokoa ramani yake. "Ni inchi mbili tu, mama. Hata mbili hazifiki."

Jikoni, Tumu aliacha kukuna nazi.

"Inchi mbili," Bi Shekha alisema. Alikiweka kibiriti chini polepole. "Mamangu alinifia kwenye hizo inchi mbili."

Njiti ya tatu akairudisha kibiritini.

"Mimi niliolewa Gazi, kule kusini ya Mombasa. Enzi hizo feri tatu: Likoni, Mtwapa, na hii yetu. Nikaletewa habari mama ni mgonjwa. Nikavuka ya kwanza, nikavuka ya pili. Nikafika Mnarani asubuhi, feri iko upande huu, wenyewe wanakunywa chai. Nikakaa chini pale mteremkoni. Ndipo nilipoliona jeneza likitoka mtaani kwetu. Niliiona na nguo iliyofunikwa juu yake. Niliijua, maana mimi ndiye niliyeinunua. Nikapiga kelele, Faki. Maji yale hayapitishi sauti ya mtu anayelia. Feri ilipokuja, wao walikuwa wameshatoka kuzika."

Naandika hadithi hii kwa kucheka, na nyinyi mnaisoma kwa kucheka, lakini hapo hata mimi kicheko kinanikauka.

"Basi usiniletee karatasi," Bi Shekha aliendelea. "Mji mimi naujua. Nikipika, nikafunika sahani yangu kwa kawa, nikampelekea mtu ikamfikia ingali moto, huyo ni wa mji wangu. Ikimfikia imepoa, huyo ni wa safari. Mungu amjaalie heri huko aliko."

Nanyi watu wa pwani mnajua hasemi upuuzi. Mama wa mji hapiki chungu akakila peke yake. Sahani inatoka chini ya kawa, inaingia kwa jirani, na jirani hairudishi tupu. Ukitaka kujua nani na nani wamenuniana mtaani, usiulize, wewe tazama tu sahani zinakopita na zinakopinda kona.

Faki alijikuna kichwa. Yeye ni seremala. Akiona kitu hakikai sawa, kwanza anakipima.

"Basi tuipime, mama."

"Tupime nini?"

"Sahani. Itoke kwako moto. Ikifika kwa mama inafuka mvuke, Mnarani ni mji huu na wewe utanipa mke. Ikifika imepoa, sitakanyaga tena mlango huu. Wallahi sitaukanyaga."

Kule jikoni kitu kilianguka. Tumu ameipanda feri ile mara nyingi kuliko Faki alivyopigilia misumari, na alijua inavyochelewa.

"Kichaa huyu," aliiambia nazi.

Bi Shekha alimpima kijana kwa macho. Kisha akamrudishia Ndirangu ramani yake, ambayo sasa ilikuwa na alama ya dole gumba la samli juu ya Watamu.

"Ijumaa," alisema. "Baada ya sala."

"Bokoboko?" Tumu aliuliza kutoka jikoni, kwa sauti ya mtoto asiyejua kitu.

"Nakusikia wewe. Bokoboko na samli yake juu linakaa moto mpaka kesho yake. Hiyo ni hila. Utapika wali na mchuzi, kama watu."

* * *

Habari ilifika kwa Bwana Abdillahi kabla Faki hajavaa viatu.

Haikuwa na safari ndefu. Nyumba ya Bwana Abdillahi na ya Bi Shekha zinagusana ukuta kwa ukuta. Ni mfanyabiashara wa mchele na saruji, ana malori mawili na meno mawili ya dhahabu, na anamtaka Tumu awe mke wa tatu. Kwa kanuni ya sahani, hakuna bwana harusi aliyemzidi pwani nzima. Bi Shekha akipenda anaweza kumpitishia wali dirishani, mvuke ukimpiga usoni.

Aliposikia kuhusu Ijumaa alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akamwita dereva wake.

Ijumaa mchana Tumu alipika chini ya macho ya mamake. Haikuwapo nafasi ya kuiba hata chumvi. Wali wa nazi ulikauka vizuri, mchuzi wa changu ukachemka. Tumu aliipasha sahani juu ya makaa kabla ya kupakua. Bi Shekha aliliona hilo, na ghafla akawa anaitafuta leso yake mahali ambapo leso haijawahi kuwekwa.

"Faki amesema Ndirangu ataibeba," Tumu alisema, akifunika kawa.

"Yule? Ataihutubia sahani mpaka ipoe."

"Basi nani?"

"Sahani yangu naibeba mwenyewe."

Tumu alisimama na kawa mkononi. "Mama, wewe hujavuka maji yale tangu mimi kuzaliwa."

"Unanihesabia?" Bi Shekha aliizungushia sahani leso mbili, akaiweka kichwani. "Funga mlango. Twende."

Waliteremka mtaa mzima, mama mbele, binti nyuma, na milango ikawa inafunguka mmoja baada ya mwingine. Watu hawakuuliza kitu. Walivaa ndara wakafuata.

Pale feri palikuwa pamefurika. Basi la Malindi, gari za kubebea watalii, mikokoteni ya nanasi, vyote vimesimama. Feri yenyewe ilikuwa imefika, inaelea karibu kabisa, lakini haikuweza kuteremsha mlango wake. Lori la saruji lilikuwa limekaa katikati ya mteremko, boneti wazi, na miguu miwili ya dereva inachungulia kutoka uvunguni.

Mwambire, anayepanga magari pale feri, alikuwa ameketi juu ya kreti la soda. Alishakata tamaa mapema.

"Lina nini hilo lori?" Bi Shekha alimuuliza.

"Limeharibika, mama. Dereva yuko chini hapo atengeneza."

Bi Shekha aliinama, mkono mmoja ukishika sahani kichwani.

"Mbona anakoroma?"

Mwambire naye aliinama akasikiliza. Ndipo watu waliposikia wote. Alikuwa anakoroma kwa raha zake, spana kifuani.

Na hapo, msomaji wangu, kanzu ikiwa imepigwa pasi na mwavuli mweusi juu, akatokea Bwana Abdillahi.

"Pole, Bi Shekha, pole sana. Magari haya hayana imani. Basi usihangaike na jua. Chakula kisiharibike bure. Nipe mimi niirudishe nyumbani, kwangu ni hapo tu, itafika ingali moto."

Akatabasamu, meno yote mawili.

Niseme ukweli kuhusu Bi Shekha, maana nimeahidi kumwandika alivyo. Mpaka dakika ile, nusu ya moyo wake ilikuwa inaomba wali upoe. Alitaka kurudi nyumbani akamwambie Tumu, umeona, nilikwambia, kule ni safari. Wali ukipoa, nadhiri yake inabaki salama na mwanawe anabaki ukuta wa pili. Asingelia hata kidogo.

Lakini kulikuwa na mtu aliyeamua kumpa ushindi huo kwa lori.

"Abdillahi, hili lori la nani?"

"Ni langu, lakini haya ni mambo ya Mungu..."

"Usimtie Mungu kwenye injini."

Watu wakacheka, na Abdillahi akafunga mwavuli kana kwamba jua limezama.

"Nimekaa kwenye mteremko kama huu siku moja," Bi Shekha alisema, "nikasubiri mtu amalize chai yake. Leo sisubiri mtu amalize usingizi wake. Tumu, tazama kama kuna mashua."

Mashua haikuwapo. Lakini juu, kwenye genge linapoanzia daraja upande huu, kulikuwa na mtu anayepunga kofia ya chuma. Alikuwa Faki.

"Mama," aliita. "Pandeni huku."

* * *

Daraja lenyewe, kwa wasiofika huku, mwaka huu ni mikono miwili. Mmoja umetoka Mnarani, mwingine umetoka Kilifi, inanyooshana juu ya maji kama watu wawili wanaotaka kusalimiana wakiwa bado na haya. Haijashikana. Katikati pana pengo, na juu ya pengo mafundi wametandika mbao nene za kupitia, na kamba moja pembeni ya kujishikia.

Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Nyapara wao, mtu mkali anayepuliza filimbi hata chooni, alikuwa hotelini anasubiri samaki wake akaangwe.

"Mbao hizi nimezitandika mimi," Faki alisema, akihema. "Nimepita juu yake leo mara saba na toroli."

"Toroli halina kizunguzungu," Tumu alisema. "Mama, turudi."

Bi Shekha alitazama mbele. Akatazama chini, kule lori lilikokaa na watu wadogo wadogo wamelizunguka. Akavua ndara zake, akampa Tumu.

"Wewe utabaki upande huu. Bado hujaolewa ng'ambo."

Akakanyaga daraja.

Faki alitangulia, akitembea kinyumenyume, mikono mbele, kama anayemfundisha mtoto kwenda tete. Zege lilikuwa moto chini ya nyayo za Bi Shekha na hakulitaja. Kichwani sahani haikutikisika. Mwanamke aliyebeba ndoo za maji tangu utotoni hajui shingo yake inafanya nini, inafanya yenyewe.

Walipofika penye mbao alisimama.

"Usitazame chini, mama," Faki alisema.

Alitazama chini. Huyo ndiye Bi Shekha.

Maji yalikuwa mbali sana, kijani, yametulia. Feri ilikuwa pale, ndogo, inasubiri dereva aamke. Na mteremko wa upande wa Mnarani aliuona wote, mpaka mahali penyewe alipokaa siku ile na fungu la nguo mapajani. Hakuwahi kupaona kutoka juu. Palikuwa padogo. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba palikuwa padogo vile.

"Faki."

"Naam, mama."

"Siku nikiugua mimi, na Tumu yuko kwako?"

"Atakuja kwa miguu. Hatangoja mtu."

"Usiku?"

"Usiku, mchana, mvua. Ndiyo kazi ya kitu hiki."

"Na wewe ukimwambia angoje kesho?"

Lilikuwa swali geni, na Faki hakulielewa. Alidhani ni kizunguzungu. Lakini alilijibu, na ninamsifu kwa hilo.

"Nikimwambia angoje, mama, uje unitupe kutoka hapa."

Bi Shekha alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mkwewe. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu mmoja ulikuwa kwenye sahani na mwingine kwenye kamba.

"Nenda," alisema. "Wali unapoa."

* * *

Nyumba ya mamake Faki iko juu ya genge, hapo hapo daraja linapoanzia. Mamake Faki alikuwa barazani tangu adhuhuri pamoja na shahidi. Shahidi alikuwa Jedida, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa bara asiye na ndugu upande wowote, na anayevaa miwani minene.

Walikuwa wanatazama feri. Bi Shekha alipotokea upande wa daraja, peku, sahani kichwani, seremala mbele yake, mamake Faki alisimama akaketi akasimama tena.

"Bi Shekha? Umepita wapi?"

"Nimepita njia ya mwanao. Funua."

Sahani iliwekwa juu ya kigoda. Leso ya kwanza ikafunguliwa, ya pili ikafunguliwa. Jedida akainama karibu kabisa, kama anayemtazama mgonjwa ulimi. Mamake Faki akasema bismillahi, akainua kawa.

Faki naye akasogea.

"Mimi sioni kitu," Jedida alisema.

Faki akajishika kichwa.

"Sioni kitu kabisa," Jedida alisema tena, akivua miwani. "Hii miwani imeingia ukungu yote."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilivuka maji bila feri. Vilipokewa Kilifi juu ya daraja, vikapokewa chini mteremkoni. Nimeambiwa hata dereva wa lori aliamka, akagonga kichwa. Bwana Abdillahi alionekana akipanda mlima peke yake na mwavuli uliofungwa. Ndirangu, aliyekosa feri akabaki chumbani kwake akijifanya anafanya kazi, alitoka na kalamu akitaka kuandika kwamba mji mmoja umethibitishwa kwa mchuzi wa changu.

"Basi ni mji mmoja," Bi Shekha alisema. Aliketi barazani, akaifuta miguu yake. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na hakujali nani anamwona. "Nadhiri yangu imetimia. Mamake Faki, nimekupa mwana."

"Nami nimempokea."

Wakala wali ule, wote tonge moja moja, Jedida pia. Kule darajani filimbi ilipulizwa. Nyapara alikuwa amerudi na tumbo lake, ameona nyayo za mwanamke juu ya zege, na alikuwa anaamrisha mbao za pengo ziondolewe zote mara moja.

Nanyi mnadhani hadithi imekwisha. Nilidhani hivyo hivyo.

"Limebaki jambo dogo," mamake Faki alisema, akinawa. "Walii wa ndoa. Tukasema wewe ni mjane, tusikusumbue. Lakini ada ni ada, upande wa kuumeni lazima uulizwe. Tukamtuma mtu Gazi, amtafute ami yake Tumu, aje aozeshe."

Bi Shekha aliacha kucheka.

"Mmemtuma mtu wapi?"

"Gazi. Ami hakupatikana, kumbe alishafariki."

"Basi kama hakupatikana, tutamwomba kadhi. Kadhi yuko Kilifi. Twendeni kwa kadhi." Alikuwa ameshasimama, anaifunga leso upande usio wake.

"Ngoja kwanza. Ami hakupatikana, lakini mjumbe hakurudi peke yake."

Pazia la chumba cha wageni likasogezwa. Akatoka mwanamume mwenye ndevu za kijivu na kofia ya kiua, kanzu ina makunyanzi ya basi. Alimwamkia kila mtu. Kisha akamgeukia Bi Shekha, akamtazama kuanzia miguu peku mpaka utosini.

"Asubuhi nilikuwa Gazi," alisema. "Likoni feri, sawa. Nikapanda basi nikajiandaa kwa Mtwapa. Kumbe Mtwapa siku hizi ni daraja, nikapita nikisinzia. Pwani imekuwa fupi, Shekha."

Bi Shekha aliiacha leso nusu imefungwa.

"Nasikia nilikufa," alisema yule mwanamume.

Ndirangu aliifunika kalamu yake. Mamake Faki alimtazama Bi Shekha, kisha akamtazama mgeni, na mkono wake ukapanda taratibu mpaka mdomoni.

"Nasikia mpaka hitima nilisomewa, na eda ukanikalia. Kwa kosa gani? Uliniomba ruhusa uje kwa mamako, nikakwambia ngoja kesho. Siku moja. Kwa siku moja ukanizika miaka ishirini na ushei, na mtoto sikuwahi kumwona uso."

"Siku ile moja," Bi Shekha alisema, sauti imekauka, "ndiyo aliyokufa mama."

"Najua. Nimelala na hilo kila usiku, hukuwa peke yako." Aliketi kwenye kigoda, pale pale ilipokuwa sahani. "Lakini mimi ni babake, na niko hai. Bila mimi hakuna atakayefunga ndoa hiyo, si Kilifi, si Mnarani, si popote katika huo mji wenu mrefu. Nami sijasema kwamba nakubali."

Akakunja mikono.

"Nataka kufikiri. Ngojeni mpaka kesho."

Bi Shekha aligeuka kutazama darajani. Mbao zilikuwa zimeshaondolewa, na pengo lilikuwa wazi juu ya maji. Upande wa pili, mwisho kabisa wa mkono wa Kilifi, Tumu alikuwa amesimama na ndara za mamake. Alimwona mamake barazani, akamwona na mwanamume aliyekuwa naye, akadhani ni mmoja wa wageni wa harusi. Akaivua leso ya mabegani, akawapungia wote wawili kwa furaha.